Nati za Magurudumu ya Nyuma

Ndunge, mwaitu, binti yangu,

Wili spana iko hapa mezani, karibu na karatasi hii. Wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuombewa safari, mkaniacha na mbuzi na gari. Nilisema goti linaniuma ndiyo maana siji. Goti linaniuma kweli, lakini silo lililonibakisha. Nilibaki kwa sababu nilitaka kufungua magurudumu ya nyuma ya gari letu, Kobe, nione jinsi ulivyofunga zile pedi za breki.

Na nilifika mpaka pale. Nilichuchumaa, nikaingiza spana kwenye nati ya kwanza, ndipo nikauona mstari wa rangi nyeupe. Umeanzia kwenye nati ukaishia kwenye rimu, na kila nati ina wake. Najua kazi ya mstari huo. Hata kambini, tulipokuwa tukijenga barabara ya Mombasa, mafundi waliuchora ili nati ikilegea mtu aione kwa macho. Lakini nilipozunguka mbele kutazama magurudumu ya mbele, sikuona mstari hata mmoja. Hapo nikaelewa kwamba hukuichora ile mistari kwa ajili ya barabara. Uliichora kwa ajili yangu, ili nikigusa ujue.

Nilikasirika, sikufichi. Nilisimama pale uani nikisema peke yangu mpaka mbwa akaondoka. Baadaye hasira iliisha nikabaki na aibu, nikaingia ndani kutafuta kalamu. Bado sijaamua. Jua lipo, na mchungaji wetu akishaanza kuombea safari hana haraka. Nitakuandikia, na nikimaliza nitajua kama natoka tena na spana au hapana.

Mambo ya kuchemsha maji ya huko Migwani unakokwenda kufundisha, na kutowaazima watu sufuria, na kutoendesha gari ukiwa na njaa, mama yako ameyasema wiki nzima na atayasema tena kesho injini ikiwa imeshawaka. Mimi sitayarudia. Mimi nataka kukuambia kuhusu mikono yangu.

Unajua nilikuwa karani wa stoo pale kambini. Kila asubuhi mafundi walichukua vyombo kwangu na kila jioni wakavirudisha, na kazi yangu ilikuwa kuvikagua. Fundi akisema patasi ni nzima, nilipitisha kidole. Akisema debe limejaa, nilifungua kifuniko. Wakubwa walinipenda kwa hilo. Hata yule mhandisi Mzungu, mkataba wake ulipoisha akashindwa kulisafirisha gari lake dogo la spoti, aliniachia mimi kwa sababu, alisema, nitalitunza. Nilirudi nalo Mukuyuni nikiwa kijana, na soko zima likacheka. Gari la watu wawili, limelala chini, haliwezi kubeba hata gunia la mahindi! Wakaliita Kobe, na jina likashika kuliko lile lililotoka nalo kiwandani. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kazi ya stoo unaiacha stoo. Niliikagua nyumba yangu kama nilivyozoea kukagua vyombo.

Mama yako ndiye aliyelijua gari. Wewe umekua ukimwona na jembe na sufuria, kwa hiyo labda hujawahi kumfikiria akiwa amelala chini ya lori, lakini ndivyo alivyolelewa. Baba yake alitengeneza malori pale Kasikeu, na kwa kuwa hakuzaa wavulana, mama yako ndiye aliyekuwa akiingia chini. Alipoolewa alikuja na sanduku la nguo, na spana za baba yake zilizofungwa ndani ya leso. Mimi nilijua kuliosha gari na kuliandikia tarehe ya mafuta. Yeye alijua linaumwa wapi kwa kulisikiliza tu likipanda mlima. Nilijivunia mke wangu, lakini nilijivunia kimoyomoyo. Mbele za watu nilisema, "Tumelitengeneza."

Pedi za nyuma za mwanzo zilipoisha, tulizipata nyingine Nairobi kwa shida, na yeye ndiye aliyezifunga. Ilikuwa jioni, wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Alipomaliza aliingia akakanyaga breki mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, akalipeleka gari mpaka kwenye mlango wa kanisa na kurudi. Aliniambia breki ziko sawa. Nililala nikijua ziko sawa.

Asubuhi yake nilikuwa nimpeleke susu yako, mama yangu, kliniki, na wewe ulilia mpaka tukakubali ukae mapajani pake. Wakati susu anavaa, mimi nilikuwa tayari na sina la kufanya. Nikalitazama lile gurudumu. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia nitaangalia tu zile pini zimekaa vipi. Nikapiga jeki, nikafungua, nikachomoa pini, nikatoa pedi, nikazigeuzageuza mkononi kama patasi za kambini. Hazikuwa na kosa lolote. Wakati wa kuzirudisha zilikataa kuingia, basi nikazisukuma pistoni nyuma kwa bisibisi pana kama nilivyomwona mama yako akifanya, zikaingia. Susu akaita kwamba jua linapanda. Nikafunga gurudumu, nikanawa mikono, nikawasha gari.

Wewe sasa ni mwalimu wa mambo haya, umeshaliona kosa kabla sijaliandika. Pistoni zimerudi nyuma, na sikukanyaga breki hata mara moja kuzileta mbele tena. Mama yako alikuwa amekanyaga jioni, lakini kukanyaga kwake nilikuwa nimekufuta kwa mikono yangu. Nilitoka uani taratibu, nikafika pale njia inapoinama, nikakanyaga, na mguu ukaenda mpaka sakafuni bila kukutana na kitu.

Breki ya mkono ya Kobe haijawahi kuwa na nguvu. Niliivuta na gari likaendelea kuteremka. Upande wa kulia kulikuwa na korongo, na upande wa kushoto kulikuwa na shamba la susu yako. Nikageuza usukani kushoto.

Hapa ni lazima nikuambie kuhusu tuta. Susu na akina mama wenzake wa kikundi cha mwethya walikuwa wanachimba matuta mwaka ule, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakiimba, wakirusha udongo juu kama walivyofundishwa na watu wa kilimo. Walipofika kwetu, tuta moja lilikata njia niliyokuwa nikipitishia gari kutoka barabarani. Niligombana na mama yangu kwa ajili ya tuta lile. Nilimwambia ameniharibia njia, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi. Yeye alipanda nyasi juu yake ili lisibomoke. Basi gari liliingia kwenye tuta hilo kwa pua, udongo ukafunika boneti, likasimama. Nyuma ya tuta hapakuwa na kitu kingine cha kulishika mpaka mtoni.

Kovu lililo kwenye kidevu chako ni la siku hiyo. Susu alikuzuia kwa mkono wa kulia, na mkono huo ulivunjika begani. Nilipomtoa ndani ya gari alikuwa ameuma midomo. Hakunilaumu. Aliniambia kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hilo tuta ulilolikataa ndilo limetushika."

Bega lilipona, lakini hakuweza tena kuinua jembe juu ya kichwa. Akina mama wa mwethya walipokwenda kuchimba alikwenda nao, ila alikuwa anakaa kivulini anawapikia uji. Ndivyo unavyomkumbuka, ameketi na mwiko. Mimi namkumbuka akiwa na jembe, na kati ya kumbukumbu yako na yangu kuna gurudumu moja nililolifungua bila sababu.

Yote haya unayajua kwa juu juu, kama nyumba nzima inavyoyajua. Usilolijua ni la mama yako.

Alitukuta pale kwenye tuta. Alipokwisha kuona kwamba wewe ni mzima na susu ameshikwa na majirani, alipiga magoti kando ya gurudumu la nyuma akachungulia. Yeye alikuwa na namna yake ya kuingiza zile pini, zikitokea ndani kwenda nje. Mimi nilikuwa nimezirudisha kinyume. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Ulifungua."

Nikamwambia ndiyo.

"Uliona nini?"

Nikamwambia sikuona kitu, kila kitu kilikuwa sawa. Akatikisa kichwa, akainuka, akampangusa damu mtoto wake. Jioni ile aliziosha spana za baba yake kwa mafuta ya taa, akazifunga ndani ya leso, akaziweka juu darini. Gari lilipovutwa mpaka nyumbani likafunikwa turubai, sikumsikia akiliulizia. Mtu angeweza kudhani aliogopa. Hakuogopa. Aliona kwamba katika nyumba hii kazi ya mikono yake haitahesabiwa kuwa imekwisha mpaka mimi niifungue, na akakataa kuifanya tena.

Sasa lisikilize kosa langu la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko lile la kwanza. Mtu mwenye akili angejifunza pale kwamba aache kufungua vitu vya watu. Mimi nilijifunza kinyume. Nilijiambia gari limeanguka kwa sababu sikukagua vya kutosha, kwamba ningekagua mpaka mwisho, mpaka kwenye pedali, tungefika kliniki salama. Kwa hiyo nikazidi. Mbuzi akifungwa na mama yako, nilimfungua nikamfunga upya. Mahindi yakipandwa nilifukua shimo moja moja kuona kina. Sufuria ikiwa jikoni ilikuwa lazima nifunue. Na wewe ulipoanza kufanya vitu kwa mikono yako, nikakujia wewe.

Unakikumbuka kigoda? Ulikitengeneza shuleni, wasichana wengine walifuma vitambaa na wewe ukaomba upewe msumeno. Ulikileta umekibeba kichwani kutoka shule mpaka nyumbani. Nilikikalia, kikanibeba vizuri. Halafu nikakigeuza, nikang'oa misumari na kupigilia upya, yangu ikiwa mirefu zaidi. Ulisimama mlangoni ukaniangalia. Mbao ikapasuka. Ulisema haidhuru, baba, na baada ya siku hiyo hukuwahi kuleta nyumbani kitu ulichokitengeneza. Nilidhani umeacha. Kumbe ulikuwa unatengeneza na kuviacha huko huko, kwa mwalimu, kwa shangazi yako. Nilikiona kitanda cha shangazi yako kwa mara ya kwanza nilipokwenda kumwona akiwa mgonjwa. Nilipomuuliza fundi ni nani alinicheka, akasema, "Ni binti yako, si ni nani?"

Niliketi kwenye kile kitanda na mgonjwa wangu, na nikasikia uchungu ambao sikuwa na mtu wa kumpelekea.

Uliporudi kutoka chuoni na kusema utalifufua Kobe, nilidhani ni mchezo. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva kwa miaka. Likizo baada ya likizo nimekutazama ukilifungua na kulifunga, na nimejitahidi, mwaitu, Mungu anajua. Nimejishughulisha na ua ambao hauhitaji kurekebishwa. Injini nilikuachia kwa sababu siielewi. Umeme pia. Lakini leo asubuhi ulipopiga jeki nyuma ukaweka lile gogo la mgunga chini yake na mawe mbele ya magurudumu ya mbele, mkono wangu uliniwasha. Nikasogea. Ukanionyesha kiti kile cha kamba ukaniambia, "Baba, kaa hapo. Ukitaka kuona, ona. Lakini mkono usilete."

Nikakaa, nikaona. Uliyafyonza mafuta ya breki kidogo kwa sindano ya ng'ombe ili yasimwagike pistoni zikirudi. Ulipangusa vumbi, ukazitoa pedi zilizochakaa, ukazisukuma pistoni polepole, huku ukishika pedi kuukuu katikati ili usikwaruze. 

Ndipo mama yako akatoka ndani. Sijui kama wewe ulielewa ulichokiona. Alikuwa ameshika ile leso. Alichutama karibu nawe akaifungua chini, na spana za babu yako zilikuwa zinang'aa kama siku alipoziweka darini. Ina maana amekuwa akizipaka mafuta miaka yote hii bila mimi kujua. Akakutazama kidogo, halafu akakuambia, "Hiyo pini ingiza kutoka ndani, ikuje nje." Ukaiingiza. Akakupa ya pili. Kichwa chako na chake vilikuwa vimekaribiana, na mimi nilikuwa kwenye kiti cha kamba, na nililia, ingawa niliwaambia ni moshi wa jikoni.

Ulipomaliza uliingia ukakanyaga breki, ukakanyaga tena, mpaka nikasikia imekaza. Ukalipeleka mpaka barabarani ukarudi. Niliona yote kwa macho yangu. Na bado mlipokwenda kanisani nilichukua spana.

Kwa nini? Nimejiuliza tangu nilipoanza ukurasa huu. Nilikuwa na jibu moja la siku zote, kwamba nawapenda na naogopa mtaumia. Ni kweli nawapenda. Kesho utapita Machakos, utapita Kitui, utateremka milima ambayo siijui, peke yako, ndani ya gari lililowahi kumvunja mama yangu bega. Lakini hofu hiyo ni yangu. Nimekuwa nikiitibu kwa kufungua kazi za watu wengine, na wao ndio waliokuwa wakilipa. Susu alilipa kwa bega. Mama yako alilipa kwa kitu alichokipenda. Wewe ulijifunza kuficha. Leo umefikia kunichorea mistari kwenye nati kama mtu anayeweka kufuli kwa ajili ya jirani mwenye tabia mbaya, na sina haki ya kukulaumu.

Huko Migwani utakuwa na wanafunzi. Watafunga nati mbele yako, na mikono yako itakuwasha, kwa sababu una damu yangu, usijidanganye. Sitakuambia ufanye nini. Wewe hukuniambia kitu leo, ulinionyesha kiti.

Nawasikia sasa. Mnakuja mnaimba ule wimbo wa kuagana, mama yako ameshika sauti ya chini kama kawaida yake. Mwanga umebaki wa kutosha kufungua gurudumu moja na kulifunga kabla hamjafika getini. Ningeweza hata kutafuta rangi nyeupe nikairudishia mistari. Nakuambia hilo ili ujue nimelifikiria.

Spana nimeirudisha kwenye leso ya mama yako pamoja na nyingine, na nitaifunga kama alivyoifunga yeye. Amesema leso hiyo ni yako, uende nayo. Kesho, ukikubali, nitakaa kile kiti cha kushoto alichokalia susu yako, mpaka chini ya mteremko. Utakanyaga breki pale njia inapoinama, nami nitakuwa nimeweka mikono yangu juu ya magoti. Nitashukia kwenye tuta lake, nirudi nyumbani kwa miguu kwa mama yako, ambaye nina mengi ya kuzungumza naye.

Barua hii utaikuta ndani ya leso, juu ya spana. Najua hutaamini mpaka uzunguke nyuma ya gari ukaitazame ile mistari. Itazame, mwaitu. Sikufungua.

Baba yako